Muziki wa Castlevania kwa chaneli tano: mambo ya kujua kabla hujatunga wa kwako

Kama muziki wa Castlevania, ule mfululizo wa gemu za video za Konami, umekukaa kichwani mpaka unataka kutunga wa namna hiyo, usianze kwa kufungua programu. Anza kwa kusikiliza, na cha kusikiliza kwanza ni gemu ya tatu, katika matoleo yake mawili. Hakuna shule inayoishinda hiyo kwa mtu anayeanza.

Konami walitoa gemu hiyo ya tatu nchini Japani mwezi Desemba 1989, kwa jina la Akumajō Densetsu, kwa ajili ya Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo. Ndani ya katriji waliweka chipu yao wenyewe, VRC6, iliyoongeza chaneli tatu za sauti (kila chaneli hutoa sauti moja kwa wakati) juu ya zile tano za mashine: mbili za wimbi la mraba na moja ya wimbi la msumeno. Mwaka uliofuata gemu hiyo ikaingia Marekani kwa jina la Castlevania III, na chaneli zile tatu hazikusikika tena. Sababu iko kwenye pini. Katika Famicom, sauti ya mashine hupitia kwenye katriji na kuchanganywa na sauti ya katriji kabla ya kutoka kwenye spika. NES, yaani Famicom iliyouzwa Marekani, haina njia hiyo. Pini za ziada za katriji zinaishia kwenye tundu la chini ya mashine ambalo karibu hakuna mtu aliyewahi kulitumia. Basi muziki uliotungwa na Hidenori Maezawa, Jun Funahashi na Yukie Morimoto kwa chaneli nane ikabidi upangwe upya kwa tano.

Hapo ndipo pa kujifunzia. Sikiliza "Beginning", wimbo wa hatua ya kwanza, toleo la Kijapani halafu la Marekani, tena na tena, kwa hedifoni. Andika kwenye karatasi kilichobaki, kilichohamia chaneli nyingine na kilichofutwa. Utaona kwamba melodi na besi vimelindwa kwa gharama yoyote, na kilichotolewa sadaka ni unene wa katikati. Gemu zote mbili zinapatikana kihalali kwenye Castlevania Anniversary Collection ya 2019. Matoleo ya Kijapani yaliongezwa baadaye kwa sasisho la bure, kwa hiyo hakikisha umelipakua.

Sasa chaneli zenyewe. Anayejua bendi za muziki wa dansi ataelewa haraka: mraba wa kwanza ni gita la solo, mraba wa pili ni rithim, pembetatu ni besi, na chaneli ya kelele ni ngoma. Ya tano hucheza sampuli fupi za sauti zilizorekodiwa. Wanaoanza waiache kabisa kwa nyimbo zao za mwanzo, kwa sababu inawafanya waache kuhangaika na zile nne, na kuhangaika na zile nne ndiyo kazi yenyewe.

Chaneli za mraba zina ngazi 16 za ukubwa wa sauti, 0 hadi 15, na maumbo manne ya wimbi kulingana na muda ambao wimbi linakaa juu: asilimia 12.5, 25, 50 na 75. Sikio halitofautishi 75 na 25, kwa hiyo hesabu una maumbo matatu. 12.5 ni jembamba na kali, linafanana na kinanda cha zamani cha nyuzi. 25 lina mwili zaidi. 50 ni tupu na la mviringo, kama filimbi. Anayeanza huweka 50 kila mahali, na wimbo unakuwa wa gemu ya watoto. Kwa ngome ya Dracula tumia 12.5 na 25. Njia nzuri ni kuanza noti kwa 12.5 kwa fremu mbili (fremu ni sehemu moja ya 60 ya sekunde) kisha kuhamia 25: noti inapata ncha inayokata, halafu inatulia.

Pembetatu haina udhibiti wa sauti. Ama inalia kwa nguvu zote au imenyamaza. Ukiandika 8 kwenye safu ya ukubwa wa sauti katika programu, itatoka sawasawa na 15. Kwa hiyo mizania ya wimbo wote inaanzia kwenye pembetatu: iache ilie, kisha panga solo kwenye 10 hadi 12, na rithim kwenye 5 hadi 7. Ukianza na solo kwenye 15, besi itazama na hutakuwa na namna ya kuinyanyua. Na kwa kuwa besi haififii yenyewe, mwisho wa noti lazima uukate wewe. Besi iliyokatwa fremu moja au mbili kabla ya noti inayofuata inatembea. Isiyokatwa inaburuta miguu.

Programu ni za bure. FamiTracker, ambamo noti huandikwa kwenye mistari inayosomwa kutoka juu kwenda chini, ni ya Windows, na Dn-FamiTracker ni mwendelezo wake unaotunzwa na wapenzi wa fani hii. Kwa asiye na kompyuta, FamiStudio ina toleo la Android, na badala ya safu za namba inakuonyesha noti kwenye ubao wenye kinanda pembeni. Maelezo yafuatayo yanafuata namba za FamiTracker kwa sababu huko ndiko unakoona kila kinachotendeka.

Anza na mwendo. Mashine hupiga fremu 60 kwa sekunde, na mwendo 6 maana yake kila mstari unakaa fremu 6. Ukihesabu mistari minne kwa pigo moja, gawanya 900 kwa mwendo upate mapigo kwa dakika: mwendo 6 ni 150, mwendo 7 ni kama 129, mwendo 5 ni 180. Kati ya 129 na 150 kuna pengo kubwa, na wengi hulijaza kwa kubadilisha namba ya tempo. Usifanye hivyo mapema. Programu italazimika kuipa mistari mingine fremu 6 na mingine 7 kwa mpango usioutawala, na ngoma zitasikika zikijikwaa. Ni bora kupishanisha F06 na F07 (amri za kuweka mwendo 6 na 7) mwenyewe, mstari kwa mstari. Unapata karibu 138 na mwendo wenye kuyumba kidogo kwa makusudi.

Kuhusu noti, watu wengi hudhani muziki wa kutisha lazima uwe wa polepole na wenye ukimya mwingi. Castlevania inakataa kabisa wazo hilo. Tangu gemu ya kwanza ya 1986, ambayo Kinuyo Yamashita na Satoe Terashima waliitungia muziki, hofu iko kwenye ngazi ya noti na kwenye kodi (noti kadhaa zinazosikika pamoja), huku mdundo ukikimbia mbele kwa ujasiri. Mchezaji yuko kwenye jumba la maiti na popo, lakini ameshika mjeledi na anasonga. Muziki unamsukuma.

Chukua ngazi ya maina yenye noti ya saba iliyopandishwa. Kwa A ni A, B, C, D, E, F, G#, A. Uzito wote uko kati ya F na G#: ule mruko wa nusu toni tatu ndio unaotoa harufu ya kanisa la kale lililoachwa. Usiupite kwa haraka. Upe nafasi kwenye melodi, halafu shuka. Kwa kodi, zungusha hivi: Am, Dm, G, C, F, B iliyopunguzwa, E, kisha rudi Am. Kila moja ikae mapigo mawili. Mzunguko huu umetumika karne nyingi kwenye muziki wa vinanda vya kanisa, na unafaa sana hapa kwa sababu kila kodi inaivuta inayofuata. Hata ukiwa na sauti tatu tu, msikilizaji anasikia inakokwenda.

Lakini sauti tatu hazitoshi kupiga kodi huku zikibeba melodi. Kwa hiyo rithim huvunja kodi noti moja moja: kwa Am andika A, C, E, C kwenye mistari mfululizo, na ubadilishe noti mbili tu unapoingia Dm (A, D, F, D). Noti inayobaki palepale inaunganisha. Ile athari ya 0xy inayozungusha noti tatu kila fremu inavutia sana siku za mwanzo, na ndiyo maana nyimbo nyingi za wanaoanza zinasikika kama simu inayoita. Iweke kwa sehemu moja au mbili zenye mshtuko.

Mwangwi ndio unaofanya chumba kiwe kikubwa, na wimbo wa ngome bila chumba kikubwa haujakamilika. Pale ambapo rithim inapumzika, nakili melodi kwenye mraba wa pili, isogeze chini mistari mitatu, ipe sauti 3 au 4, na uipandishe au uishushe noti kidogo sana kwa amri ya P7E au P82 badala ya P80 ya kawaida. Usiruke hilo la mwisho. Miraba miwili ya umbo moja ikipiga noti moja bila tofauti hiyo, mawimbi yanaweza kukutana yakapeana nguvu au yakafutana, na sauti itapanda na kushuka bila mpango. Kama huna chaneli ya ziada, weka mwangwi ndani ya melodi yenyewe: kati ya noti na noti, kwenye mstari mtupu, andika noti iliyotangulia kwa sauti 3. Sikio linaunganisha lenyewe.

Kuna tatizo moja linalowachosha wengi kwa sababu halionekani popote: mlio wa "tik" katikati ya noti yenye mtetemo, yaani inayopandishwa na kushushwa kidogo mfululizo. Chanzo chake ni hiki. Urefu wa wimbi la mraba hutunzwa kwa namba ya biti 11, iliyogawanywa sehemu mbili, na kila sehemu ya juu inapoandikwa upya wimbi huanza mwanzo. A ya Hz 440, ambayo FamiTracker huiandika A-3, ina namba 253. Mtetemo ukiishusha kidogo tu inavuka kutoka 255 kwenda 256, sehemu ya juu inaandikwa, na unasikia tik kila mzunguko. Vilevile kwa A za oktava za chini yake, kwa sababu zote ziko karibu na mpaka wa namna hiyo. Na A maina ndio ufunguo ambao kila mtu huanza nao! Punguza kina cha mtetemo kwenye noti hizo, au hamisha wimbo wote nusu toni mbili juu, mpaka B. FamiStudio ina chaguo la mtetemo laini linaloikwepa hali hiyo. Pembetatu haina tatizo hili.

Noti za juu sana nazo ziepuke. Kwenye kama Hz 3,500, hatua moja ya namba ni karibu nusu ya nusu toni, kwa hiyo hakuna namna ya kuisawazisha. Itakuwa nje ya sauti na huwezi kufanya lolote.

Kwa ngoma, chaneli ya kelele inatosha ukiipa maumbo mazuri. Sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali): sauti 13, 10, 7, 5, 3, 2, 1, 0, kila namba fremu moja. Hayahati (matoazi mawili yanayogongana): 5, 2, 0. Ngoma kubwa ikope kwenye pembetatu: besi ianze oktava moja juu, fremu ya pili ishuke nusu toni 6, ya tatu ifike mahali pake, na kelele fupi ya chini igongwe pamoja nayo. Kifua kitaisikia. Kelele ina pia hali ya pili, V01, inayotoa mlio wa chuma. Ni nzuri kwa minyororo na mashine za mnara wa saa, mbaya kwa sneya.

Ukishamaliza wimbo mzima kwa chaneli nne, ndipo ufungue VRC6. Miraba yake ina maumbo manane, kutoka asilimia 6.25 hadi 50, na msumeno wake una ukali usiopatikana kwingine. Angalia tu kiwango cha msumeno: chipu inajumlisha namba hiyo mara kadhaa kwa kila mzunguko, na ukivuka 42 hesabu inafurika, wimbi linavunjika. Wapo wanaopenda mvunjiko huo. Uutumie ukiwa umeukusudia.

Wimbo ukitakiwa kuingia kwenye gemu halisi, jaribu kuunyamazisha mraba wa pili kwa sekunde moja moja huku unacheza. Mlio wa mjeledi au wa kuumia hupokonya chaneli kwa muda, na kama melodi yako ilikuwa inaruka kutoka chaneli hadi chaneli, itatobolewa matundu. Sampuli nazo zina gharama yake: thamani ya chaneli ya tano ikibaki juu baada ya sampuli kuisha, pembetatu na kelele hupungua sauti.

Mwisho, jaribu kwenye vifaa vingine. Spika ya simu haitoi besi ya Hz 55, kwa hiyo kama wimbo wako hauna maana bila besi hiyo, ipandishe oktava moja. Kwenye mashine za PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya, zenye fremu 50 kwa sekunde, wimbo uleule unapungua kasi kwa sehemu moja ya sita. Na zile mashine za kuiga Famicom, nyingi kati yake zina chipu iliyobadilishana maumbo ya 25 na 50. Solo yako kali ya 25 itatoka kama filimbi. Ukisikia hivyo usiuguse wimbo. Cheza kwanza katriji ya gemu unayoifahamu vizuri kwenye mashine hiyohiyo, na kama nayo imebadilika sauti, tatizo liko kwenye chipu.