Maswali ya Wasomaji: Pilipili Kali Katika Roshani ya Ghorofa

Barua nyingi zilizotufikia kuhusu pilipili zinazopandwa kwenye ndoo zinaomba jina la dawa. Tumechagua chache zenye matatizo yanayowapata wakazi wengi wa ghorofani, na tunawasihi wasomaji wachunguze kwanza jua, maji na mizizi kabla ya kwenda dukani, kwa sababu huko ndiko tulikoona chanzo cha malalamiko mengi.

Swali: Ndugu Mhariri, ninaishi ghorofa ya tatu huko Upanga, Dar es Salaam, na roshani yangu inatazama kaskazini. Mwezi wa Mei nilipanda miche ya pilipili mbuzi kwenye ndoo za rangi za lita 10. Ilistawi na kuzaa kidogo mnamo Septemba, lakini tangu Novemba inarefuka tu, majani ni makubwa na ya kijani kilichokolea, na maua yanapukutika kabla ya kutunga. Nimekuwa nikiongeza urea kila baada ya wiki mbili. Tatizo ni nini? – Msomaji wa Upanga

Jibu: Ndugu msomaji, maelezo yako yamekamilika kiasi kwamba jibu karibu limo ndani yake. Roshani yako ilikuwa na jua na sasa haina. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na kwa hiyo jua la mchana hupita upande wa kaskazini wa anga kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, kisha huhamia kusini kwa miezi iliyobaki. Mwezi wa Juni, saa sita mchana, jua huwa limeinama kuelekea kaskazini kwa nyuzi 30 hivi kutoka utosini, na mwinamo huo unatosha kuliruhusu liingie chini ya zege la roshani ya jirani wa juu. Kadiri Oktoba inavyokaribia, jua hupanda hadi karibu na utosi na kuishia kwenye ukingo wa roshani yako, na kuanzia Novemba ukuta wenyewe hulizuia. Mmea unaohitaji jua la moja kwa moja kwa saa zisizopungua sita umebaki na mwanga wa kivuli, nao unarefuka kwa sababu unautafuta mwanga ulipo.

Wapangaji wengi huamini kwamba roshani ya kusini itawafaa katika miezi hiyo, na ni kweli kwa kiasi, lakini hata mwezi wa Desemba jua la Dar es Salaam huinama kusini kwa nyuzi 17 tu, kwa hiyo huangaza ukingoni tu na si ndani. Roshani iliyo bora kwa pilipili katika jiji letu ni inayotazama mashariki, kwa kuwa jua la asubuhi huingia likiwa chini, likafika hadi ukutani, nalo hudumu mwaka mzima bila kuunguza. Ya magharibi hufaa pia, ila ndoo zake huchemka alasiri na zinahitaji kuzungushiwa gunia au kupakwa rangi nyeupe.

Kwako wewe tunashauri mambo matatu. Kwanza, acha urea mara moja. Naitrojeni nyingi iliyomo kwenye mbolea hiyo huusukuma mmea kutoa majani na kusahau maua, na katika kivuli madhara yake huongezeka. Pilipili inapoanza kuchanua huhitaji potasiamu zaidi. Kiganja kimoja cha majivu ya kuni yaliyochekechwa, kikitawanywa juu ya udongo wa ndoo mara moja kwa mwezi kisha kikamwagiliwa, kitasaidia, lakini usizidishe kwa kuwa majivu huondoa uchachu ambao mizizi inauhitaji kidogo. Pili, sogeza ndoo hadi kwenye ukingo na uziinue juu ya matofali zifikie kimo cha uwazi wa vyuma, ukihakikisha zimefungwa kwa kamba ili upepo usiziangushe juu ya watu. Tatu, hamishia mimea yako kwenye ndoo za lita 20. Pilipili kichaa hutosheka na lita 10, bali pilipili mbuzi hutanua mizizi mingi, na ndoo ndogo hukauka mchana wa jua kali hata kama ilimwagiliwa asubuhi, na kila inapokauka mmea huangusha maua ili kujiokoa.

Yako pia mambo usiyoweza kuyazuia. Joto la mchana likizidi nyuzi 32 za Selsiasi na usiku ukabaki juu ya nyuzi 24, kama ilivyo kawaida ya Januari na Februari, chavua hudhoofika na sehemu ya maua hupukutika hata kwenye mmea uliotunzwa vizuri. Maua ya pilipili hujichavusha yenyewe, lakini yanahitaji kutikiswa na upepo au nyuki. Ikiwa roshani yako imezibwa kwa vioo au wavu mzito, gonga matawi kwa kidole kila asubuhi wakati maua yamefunguka. Ukikosa kabisa jua hadi Machi, pogoa mimea ifikie nusu ya kimo chake, uipe maji kidogo, na uisubiri. Haijafa, na kuitupa itakuwa hasara isiyo ya lazima.

Swali: Sisi huku Sinza tunatumia maji ya kisima. Kingo za majani ya pilipili zangu zimekuwa kahawia na kukauka, na juu ya udongo kuna utando mweupe. Je, ni ukungu? – Msomaji wa Sinza

Jibu: Utando unaosugulika kama unga mkavu na wenye ladha ya chumvi si ukungu. Ni chumvi ya maji ya kisima, ambayo kwenye shamba husukumwa chini na mvua, lakini kwenye ndoo iliyo chini ya paa hubaki na kujilimbikiza kila maji yanapokauka. Pilipili ni miongoni mwa mboga zinazovumilia chumvi kwa kiasi kidogo tu, na dalili yake ya kwanza ndiyo hiyo ya kingo kuungua, ikifuatiwa na mmea kudumaa.

Hapa desturi ya kumwagilia kidogo kidogo kila jioni inadhuru. Mwagilia kwa wingi, hadi maji yatoke chini kwa takriban sehemu moja ya tano ya uliyomimina, kisha usirudie mpaka kidole ukikichomeka hadi kiungo cha pili kikute udongo mkavu. Mara moja kwa mwezi pitisha maji baridi yasiyo na chumvi, mara mbili ya ujazo wa ndoo, ili yaioshe. Maji ya mvua ya masika na ya vuli yakingwe kwa kila chombo kilichopo, na hata maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi yanafaa kwa kazi hii kwa kuwa hayana chumvi. Hakikisha ndoo ina matundu yasiyopungua sita chini, kila moja kipenyo cha kidole kidogo. Tumewahi kuona ndoo nyingi nzuri zikiwa na tundu moja tu, tena limezibwa na kokoto.

Udongo wenyewe pia una neno. Udongo wa kichanga wa uani hauhifadhi maji, na ule mfinyanzi hugeuka tofali. Mchanganyiko unaotufaa ni sehemu tatu za udongo wa msitu unaouzwa kwenye vitalu vya maua, sehemu mbili za samadi iliyooza hadi ikapoteza harufu, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni au pumba za mpunga. Wengine huongeza vumbi la makumbi ya nazi, nalo ni zuri sana kwa kuhifadhi unyevu, lakini makumbi yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kusokotea kamba yana chumvi nyingi, na yasipooshwa mara kadhaa yatakurudishia tatizo lile lile. Udongo uliokwisha kupandwa nyanya au bilinganya zikanyauka usiutumie, kwa kuwa mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na pilipili na magonjwa yake hubaki humo.

Swali: Asalaam aleikum. Majani ya juu ya pilipili zangu yanajikunja na kudumaa. Jirani amenipa dawa ya kunyunyizia aliyoitoa shambani kwao. Je, niitumie? Roshani yangu imepakana na jiko. – Mama wa Mombasa

Jibu: Wa aleikum salaam, mama yetu. Usiitumie, tafadhali. Dawa ya shambani iliyotiwa kwenye chupa isiyo na lebo huwezi kujua kipimo chake wala idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuchuma, na roshani iliyopakana na jiko si mahali pa kujaribia. Hili tunalisema kwa uzito wote, kwa sababu pilipili huchumwa moja moja kila siku na kuliwa mbichi kwenye kachumbari, na sumu iliyonyunyizwa jana itakuwa sahanini leo.

Geuza jani upande wa chini, mahali penye mwanga, ulitazame kwa makini. Jani linalojikunja kuelekea juu kama mtumbwi, likiwa na michubuko ya rangi ya fedha, kwa kawaida limeshambuliwa na vithiripi, wadudu wadogo wembamba wanaofyonza majani. Jani linalokunja kingo zake kuelekea chini, likawa jembamba, gumu na lenye kung'aa, hasa kwenye vichipukizi, mara nyingi lina utitiri mdogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Majani yenye utomvu unaonata, na sisimizi wakipanda na kushuka shinani, yana vidukari, nao sisimizi ndio walinzi wao, kwa hiyo ukiwaacha wao vidukari watarudi.

Tiba ya mwanzo kwa wote hawa inafanana. Kata vichipukizi vilivyoharibika vibaya, uvitie kwenye mfuko na kuvitupa mbali, kisha osha mmea kwa maji ya nguvu, hasa chini ya majani. Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, jaribu kwanza kwenye jani moja, na usipoona madhara baada ya siku moja nyunyizia mmea wote jua linapozama, ukirudia kila baada ya siku tano kwa muda wa wiki tatu hivi. Pwani yetu imejaliwa mwarobaini kila mtaa. Mbegu zake zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha, kisha maji yake yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo, hufanya kazi nzuri zaidi kuliko majani yake. Kwa utitiri unaokataa kuondoka, salfa ya kilimo ya kununua dukani ikiwa na lebo yake husaidia, ila isitumiwe siku zenye joto la zaidi ya nyuzi 32 kwa kuwa huunguza majani. Mmea wenye majani ya mabaka ya njano na kijani, uliodumaa wote huku inzi weupe wakiruka unapoguswa, huenda una virusi, na huo hauna tiba. Ung'oe kabla haujaambukiza mingine.

Swali: Nipo Nairobi. Mbegu za pilipili nilizotoa kwenye tunda la sokoni hazijaota hata baada ya wiki mbili. – Msomaji wa Umoja

Jibu: Subiri bado. Mbegu za pilipili mbuzi huweza kuchukua wiki tatu hadi nne, na hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30, ambalo Nairobi ya Julai haina. Weka trei yako juu ya jokofu ukiifunika kwa mfuko wa plastiki mpaka miche ichomoze, kisha ifunue upesi ipate hewa, vinginevyo kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche, kitaikata shinani. Kama tunda lilikuwa la kijani, mbegu zilikuwa changa na hazitaota. Chagua lililoiva kabisa. Kwa baridi ya huko, pilipili kichaa itakupa matumaini zaidi.

Swali: Je, mmea ukishazaa msimu mmoja niung'oe? Na mwenye nyumba analalamika kuhusu uzito na maji yanayomdondokea jirani wa chini. – Mpangaji wa Kariakoo

Jibu: Usiung'oe. Pilipili ni kichaka cha kudumu kwa asili yake huko Amerika ya joto, na ndani ya ndoo inaweza kuzaa kwa miaka miwili au mitatu. Mwishoni mwa masika kata matawi yabaki ya urefu wa shubiri moja na nusu hivi, ondoa udongo wa juu kina cha vidole vinne, jaza mboji mpya, nao utachipua katika kipindi cha ubaridi wa Juni na Julai ambacho maua hutunga vizuri zaidi. Unapochuma nyingi kwa ajili ya achari, vaa glavu. Mikono ikianza kuwaka ipake kwanza mafuta ya kupikia, kisha ioshe kwa sabuni, kwa kuwa maji peke yake hayauondoi ukali huo.

Mwenye nyumba wako ana hoja. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo wenye maji hufikia karibu kilo 30, kwa hiyo zipange kando ya ukuta au juu ya boriti, wala usizikusanye katikati ya ukingo ulioning'inia, na uache nafasi kati yake. Weka sahani pana chini ya kila ndoo, umwagilie asubuhi mapema kabla jirani hajaanika nguo, na baada ya nusu saa uyamwage maji yote yaliyokusanyika. Usiyaache hata siku mbili. Mbu wanaoeneza homa ya dengi, ambayo ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hutaga katika maji machache kama hayo, na mayai yao hung'ang'ania kwenye ukuta wa chombo hata kikikauka, kwa hiyo sahani hizo zinapaswa kusuguliwa kwa brashi kila wiki na si kumwagwa maji tu.