Kingani au Fifi?

Ndugu, picha yako haina tarehe na unataka kujua kama ni Kingani, boti ya kivita ya Wajerumani, au boti hiyohiyo baada ya Waingereza kuiteka katika Ziwa Tanganyika, 26 Desemba 1915, na kuiita Fifi. Anza na omo, yaani sehemu ya mbele ya boti: Waingereza walifunga hapo mzinga mkubwa zaidi, wa pauni 12 (uzito wa kombora lake). Ukiuona, ni Fifi.

Bendera inadanganya. Ya Wajerumani na ya Waingereza zote zilikuwa nyeupe zenye msalaba, mweusi kwa Wajerumani na mwekundu kwa Waingereza, na filamu za enzi zile ziliufanya wekundu utoke karibu mweusi. Kwa hiyo tafuta tai wa Kijerumani katikati ya msalaba. Maandishi ya nyuma ya picha, mimi huyasoma mwisho. Mengi huandikwa miaka mingi baadaye.