Desktopu ya 2014 na laptopu za dukani, nani ana mbio?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi naediti video za harusi na send-off hapa Morogoro, natumia Dell OptiPlex 9020 yenye i7-4790, RAM GB 8, na ile diski ya kuzunguka ya GB 500 iliyokuja nayo. Nilinunua used. Siku hizi inanichosha, kuwaka tu naenda kunywa chai narudi bado, na video za iPhone wanazonitumia wateja nikiziweka kwenye taimlaini zinakwamakwama mpaka sauti inaachana na midomo. Nikapanda basi kwenda Dar kutafuta laptopu. Wa kwanza kaniambia chukua hii mpya ya boksi ina Celeron N4020, ni mpya kwa hiyo lazima iizidi hiyo ya zamani. Wa pili kanipa used yenye i7-7500U, akasema i7 kwa i7 ila hii ya karibuni zaidi. Wa tatu ana ThinkPad T480 yenye i5-8350U na bei yake imezidi ya ile i7, hapo ndo nikachanganyikiwa, i5 inazidije bei ya i7? Nitajuaje kama ninachonunua kina mbio kuliko nilichonacho?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Aisee pole na safari, ila kabla hujatoa hela rudi nyumbani ufanye kitu kimoja cha bure. Washa hiyo OptiPlex, fungua kazi zako zote kama kawaida, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ije Task Manager, nenda kwenye Performance halafu kaa uangalie mistari inavyopanda na kushuka wakati mashine imeganda. Nakuwekea soda hapa, utakuta diski iko 100% na CPU, yani prosesa, iko 10 au 15% haina habari kabisa. Yani prosesa yako imekaa kibarazani inasubiri diski iilete kazi.

Diski ya kuzunguka ikisoma faili moja kubwa inakupa kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde, si mbaya, lakini Windows ikiwaka haisomi faili moja kubwa, inasoma vifaili maelfu vilivyotawanyika na kile kichwa cha diski kinaruka huku na kule mpaka spidi inaanguka chini ya MB 2. SSD, yani diski ya chipu isiyozunguka, hata ile ya kawaida ya SATA (waya uleule wa diski yako), haina kichwa cha kurusha, na kwenye faili kubwa inafika kama MB 550 kwa sekunde, na 9020 yako inaipokea bila shida yoyote. Sasa hapa ndo watu wengi wanapigwa. Unatoka nyumbani kwenye diski ya kuzunguka, dukani unawashiwa laptopu yenye SSD, inawaka sekunde 15, moyo unakwambia hii ndege hii, unatoa hela. Hapo umelinganisha diski tu ndugu yangu, kompyuta hujalinganisha bado.

Haya tuje kwenye i7. Hilo neno i7 ni kama maandishi ya nyuma ya gari, Fuso na bajaji zote zinaweza kuandikwa Turbo na hakuna wa kukukataza. Angalia herufi na namba zinazofuata. Hiyo i7-4790 yako ya 2014 ina kori 4, yani wafanyakazi wanne ndani ya prosesa moja, na nyuzi 8, yani kila mmoja anashika kazi mbili, inapanda mpaka GHz 4.0 na imeruhusiwa kula umeme mpaka wati 84, ina kisanduku kikubwa na feni ya maana ya kuipoza. i7-7500U ya 2016 ina kori 2 tu, na ile U mwishoni maana yake imetengenezwa kwa laptopu nyembamba, wati 15 basi. Kwenye orodha ya PassMark, wale wanaopima nguvu za prosesa na kuzipa alama, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua kwenye simu, ya kwako inapata alama kama 7,200 na hiyo ya kijana wa dukani kama 3,600. Nusu! Miaka miwili mbele kwa kalenda, nusu kwa kazi. Na Celeron N4020, kori 2 wati 6, inazunguka kwenye 1,500, ni ya kuandika barua na kuangalia YouTube, mtu akimuuzia muediti video hiyo anamtafutia ugomvi na bibi harusi.

Kwa nini i5-8350U ina bei kuzidi i7? Kwa sababu kuanzia kizazi cha 8 (ndo ile 8 ya mwanzo kwenye 8350U), mwaka 2017, Intel ndo waliziwekea hizi prosesa za U kori 4 badala ya 2. Mpaka hapo i5 na i7 nyingi za laptopu nyembamba za ofisini zilikuwa na kori 2 wote wawili, tofauti yao ni ndogo kuliko tofauti ya stika. 8350U inapata kama 6,200. Kwa hiyo muuzaji wa tatu hajakuibia, anajua anachouza. Ila ona vizuri, hata hiyo bado iko chini kidogo ya desktopu yako ukiwa unarenda, yani unatoa video iliyokamilika, kwa muda mrefu. Watu hawapendi kusikia hivi wakiwa na hela mfukoni.

Alama za mtandaoni nazo usizimeze zilivyo, kwa sababu laptopu mbili zenye prosesa ileile zinaweza kutofautiana sana, moja ina feni nzuri nyingine imejaa vumbi na ile dawa ya joto imekauka. Mi mwenyewe kuna siku nilienda Kariakoo na flashi, ndani nimeweka video ya dakika 10 ya 1080p na HandBrake, ni programu ya bure ya kubadilisha video. Nyumbani kwenye desktopu yangu ya i5-4590 nilikuwa nimeshaipima kwa saa ya simu, kama dakika 4. Nikamwomba muuzaji anifungulie laptopu yenye 7500U, nikaweka video ileile na seting zilezile, nikabonyeza. Dakika ya kwanza ilikuwa inakwenda vizuri tu na jamaa anatabasamu. Dakika ya tatu feni ikaanza kuvuma kama kikaushia nywele, nikaweka mkono juu ya kibodi pale karibu na skrini pakawa moto, nikafungua CPU-Z, programu ya kuonyesha mwendo wa prosesa, nikaona GHz zinashuka kutoka 3 na ushee mpaka 2.7 na hazipandi tena. Ilimaliza karibu dakika 8. Jamaa akaniuliza, bro unanunua au unafanya utafiti? Nikamwambia vyote viwili, akacheka ila hakupunguza bei.

We fanya hivyohivyo. Chukua kipande cha harusi moja, dakika 5 au 10, kipime kwako kwanza uandike muda kwenye karatasi, halafu nenda nacho. Dukani hakikisha chaja imechomekwa, maana laptopu nyingi zikiwa kwenye betri zinajipunguza zenyewe, na nakili kwanza video iingie kwenye SSD ya ile laptopu, usiisome kutoka kwenye flashi utakuwa unapima flashi. Kama muuzaji hataki uweke programu zako muombe Cinebench R23, programu ya kupima prosesa, ile ikiachwa na seting yake ya kawaida inazunguka dakika 10 nzima, na dakika 10 ndo zinaonyesha kama mashine inapumua au inakata pumzi. Akikataa vyote, ndo amekujibu hivyo.

Sasa tatizo lako la video za iPhone ni kitu kingine kabisa na hapa mambo yanageuka. Tangu iOS 11 ya 2017 iPhone ukiiacha kwenye High Efficiency inarekodi kwa H.265, namna mpya ya kubana video kuliko ile H.264 ya zamani, wengine wanaita HEVC. Ndani ya prosesa yako kuna sehemu maalum ya kufungua video za H.264, hiyo unayo na inafanya kazi vizuri, ila ya H.265 iliyokamilika haikuwepo 2014, kwa hiyo kori zako zinaifungua kwa nguvu za mikono, fremu moja moja. Kizazi cha 6 ndo kikaja nayo, kizazi cha 7 kikaongeza zile za biti 10, zenye rangi nyingi zaidi. Maana yake ile 7500U niliyoisema vibaya hapo juu inaweza kucheza video ya iPhone kwenye taimlaini bila kukwama wakati dude lako linahema, halafu ukifika kwenye kurenda ya mwisho dude lako linaiacha mbali. Ndo maana mtu akiniuliza ipi ina mbio namuuliza mbio za kufanya nini.

Dawa ya hapo si lazima laptopu. Premiere na programu nyingine za kuediti zina proksi, inatengeneza nakala nyepesi za video unaeditia hizo, mwisho inarudisha zile za ukweli. Unaiwasha usiku unalala. Na wateja wako waambie kabla ya shughuli, Settings, Camera, Formats, wachague Most Compatible, nusu ya kesi inaisha hapo hapo.

Ningekuwa mimi? SSD ya GB 500 na RAM nyingine GB 8, aina yake ni DDR3, na kama OptiPlex yako ni ile yenye kasha la kawaida ina nafasi 4 za RAM, fundi yeyote anakuwekea wakati unasubiri. Ile diski ya zamani ibaki ndani ya kuhifadhia harusi zilizokwisha. Hela inayobaki usiiguse kwanza, fanya kazi mwezi mmoja uone. Kama unahitaji kitu cha kubeba, unaenda ukumbini unataka kumwonyesha bwana harusi hailaiti palepale, basi T480, na desktopu ibaki nyumbani kwa kurenda. Celeron waachie.

Kitu kimoja tu kinachoisema vibaya desktopu yako: Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inazikubali rasmi prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea. Ya kwako ni ya 4. Kuna njia za kuilazimisha na mafundi wanazijua, ila Microsoft hawajakuahidi apdeti kwa hiyo njia. Kama ni mashine ya kuediti tu, mambo ya benki na LUKU fanyia kwenye simu. Hilo nalo ndo sababu nyingine T480 ina bei, ipo kwenye orodha.

SWALI: Salaam aleikum. Nina desktopu ya i5-3470, imeandikwa 3.2 GHz. Kijana wangu anataka nimnunulie laptopu ya i5-1235U, nimesoma pale kwenye karatasi ni 1.3 GHz. Mbona ya zamani ina spidi zaidi ya mara mbili, si naibiwa mchana?
Baba wa mwanafunzi, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam mzee wangu, huibiwi, mpe kijana laptopu yake. Hiyo 1.3 ni mwendo wa msingi tu, ikipewa kazi inapanda mpaka 4.4. Na GHz ni kuhesabu hatua tu, haisemi kila hatua ina urefu gani, prosesa ya 2022 kwa hatua moja inamaliza kazi nyingi kuliko ya 2012. Halafu hiyo ya kwako ina kori 4, hii ina 10, kubwa 2 na ndogo 8. PassMark wanaipa ya kwako kama 4,600, hii kama 13,000. Kitu cha kumuuliza muuzaji ni RAM, kama ni kipande kimoja cha GB 8 mwombe viwe viwili vinavyolingana, kwa sababu grafiki ya ndani inaazima RAM hiyohiyo na kikiwa kimoja inapita njia nyembamba. Kijana ataiona tofauti kwenye gemu hata kama amekwambia ni ya masomo.

SWALI: Nina steshenari, desktopu mbili za i5-4590, kazi ni kuchapa, kuskani na kuprinti. Bili ya umeme inaniua. Nimeona laptopu za Intel N100 bei rahisi, au ni kama hizo Celeron ulizozikataa?
Mama steshenari, Dodoma

JIBU: Hapana mama, N100 isikuchanganye na N4020 kwa sababu ya hiyo N. N100 ya 2023 ina kori 4, na kwa alama za PassMark iko karibu sawa na i5-4590 zako, zote 5,000 na ushee, ila prosesa yako imepangiwa wati 84 na hii wati 6. Mashine nzima inakula zaidi ya hapo, skrini na vinginevyo, lakini kwenye LUKU utaona. Na umeme ukikatika katikati ya barua ya mteja laptopu ina betri. Ila kabla hujazibadili zote mbili, nunua moja, ichomeke kwenye ile printa yako kubwa na skana uone kama draiva zake zipo kwa Windows 11, mi nilinunua kwanza ndo nikaja kugundua skana yangu haisomeki, mpaka leo ile desktopu ya zamani ipo pale pembeni kazi yake ni kuskani tu.