Kutoka Fuso ya mjini kwenda semi ya Kongo: piga hesabu kwa siku, na usiandike barua ya kuacha kazi

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: una miaka 6 kwenye Fuso ya kusambaza vinywaji Dar, kampuni imeanzisha kitengo cha semi (malori ya kichwa na tela) za Kongo na umeahidiwa kichwa, yaani gari la mbele linalovuta tela. Mshahara unashuka kutoka 500,000 hadi 350,000 kwa maelezo kwamba "safari inalipa". Unauliza kama kweli inalipa, na kama miaka yako sita inakwenda nawe au inabaki getini.

Inalipa kama gari linazunguka haraka. Na miaka inakwenda nawe kama karatasi inasema hivyo. Shida ni kwamba siku ya kwanza dereva akishaona kichwa kipya kinang'aa, haulizi lolote kati ya hayo.

Tuanze na hela. Kwenye gari la mjini kuna mshahara, posho ya chakula ya kila siku ya kazi, na cha juu kwa idadi ya tripu au kreti. Mwezi ukiisha unajua umepata ngapi. Kwenye safari ndefu kuna mshahara mdogo, halafu maileji, yaani kiasi kimoja kilichopangwa kwa njia nzima. Dar hadi Lubumbashi ni karibu kilomita 2,000, na Kolwezi ni kama 300 zaidi. Maileji haibadiliki hata ukikaa foleni wiki mbili. Hapo ndipo wengi wanapoumia.

Fanya hesabu hii, weka namba zako badala ya zangu. Mjini: mshahara 500,000, posho 10,000 kwa siku 26 ni 260,000, tripu 100,000. Jumla 860,000. Toa chakula cha 5,000 kwa siku hizo 26, unabaki na 730,000 kwa mwezi. Safari: mshahara 350,000, maileji 900,000, na matumizi yako mwenyewe njiani 15,000 kwa siku, maana barabarani huli kwa mama watoto. Safari ikizunguka kwa siku 26, kuanzia unapopewa mzigo hadi unapopewa mwingine, unabaki na kama 938,000 kwa kila siku 30. Ikichukua siku 40, unabaki na 575,000. Kwa namba hizi, ukivuka siku ya 32 mwenzako wa Fuso anakuzidi, na yeye analala kwake.

Kwa hiyo usiulize "maileji ni bei gani?" peke yake. Uliza gari moja lilifanya safari ngapi mwaka jana. Ukijibiwa 12 au 13, hiyo ni kampuni yenye mzigo na wakala wa forodha anayejua kazi. Ukijibiwa 8, gawanya 365 kwa 8 uone siku zinavyofika 45. Usimuulize afisa rasilimali watu, muulize dereva aliyerudi jana akiwa anaosha gari, na umwombe akuonyeshe mihuri ya pasipoti. Mihuri ya Nakonde (mpaka wa Tanzania na Zambia) na Kasumbalesa (mpaka wa Zambia na Kongo) haidanganyi.

Siku zinaliwa wapi? Barabara yenyewe haina neno: Dar hadi Tunduma, mpakani upande wetu, ni kilomita kama 930, na hata kwa mlima wa Kitonga, mizani na kilomita 50 za kwenda pole ndani ya hifadhi ya Mikumi, ni siku mbili tatu. Zinaliwa bandarini kusubiri kupakia, Tunduma nyaraka zikiwa na kosa dogo (namba ya lakiri, yaani sili ya kufungia kontena, haifanani, uzito kwenye karatasi si wa mizani), Kasumbalesa kwenye foleni, halafu mgodini kusubiri kushusha. Ukimaliza unasubiri mzigo wa kurudi, mara nyingi shaba. Uliza waziwazi: maileji ya kurudi na shaba ni tofauti na ya kurudi tupu? Kuna kampuni zinalipa kiasi kilekile, na kurudi na tani 30 mgongoni si sawa na kurudi na tela tupu.

Uliza pia posho ya kusubiri. Mwenye gari kwa kawaida anamtoza mwenye mzigo gari likikaa kupita siku walizokubaliana. Dereva anayelinda gari lile anapata nini? Kama ipo, iandikwe inaanza siku ya ngapi na inathibitishwa na nini. Uthibitisho mzuri ni muhuri wa getini wenye tarehe ya kuingia na ya kushusha kwenye hati ya kupokelea mzigo. Picha ya simu inasaidia, ila mhasibu anataka muhuri.

Maileji nyingi hulipwa mara mbili, nusu ukiondoka na nusu ukirudisha hati zilizogongwa muhuri pamoja na hesabu ya pesa za njiani. Nusu ya pili ndiyo inayokatwakatwa. Risiti ya tozo ya barabara Zambia ikipotea, unalipa wewe. Tenga bahasha moja ya risiti, na nyuma ya kila risiti andika mahali na tarehe usiku huohuo, kwa sababu zile za karatasi laini hufutika na joto la kabini kabla hujafika Dar.

Sasa ukongwe, yaani miaka yako kazini, na hapa naomba usome polepole.

Kwetu Tanzania hakuna sheria inayosema dereva wa miaka 10 alipwe zaidi ya wa miaka 2. Nyongeza ni ya mkataba, ya makubaliano ya chama cha wafanyakazi kama kipo, au ya huruma ya tajiri. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu miaka yako kwa mwajiri mmoja kwa mambo mengine. Kiinua mgongo, mwajiri akikuachisha, ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Na mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri hana haki ya kulalamikia kuachishwa isivyo halali. Ona maana yake kwako: kitengo cha semi kikiwa ni kampuni dada yenye usajili wake, ukasaini mkataba mpya kama mwajiriwa mpya, basi kwa miezi 6 ya kwanza wewe ni sawa na aliyetoka chuo juzi. Ukigusa kingo ya daraja mwezi wa nne, wanaweza kukuaga bila wewe kuwa na pa kushika.

Mtego wa pili ni barua ya kuacha kazi. Utaambiwa "andika tu barua ya kuacha kule, huku tunakuajiri, ni utaratibu". Kiinua mgongo kinalipwa mwajiri anapokuachisha. Ukiacha mwenyewe kwa barua yako, umekitoa bure. Unachotaka ni barua ya uhamisho yenye mambo matatu: tarehe yako ya awali ya kuajiriwa, sentensi kwamba utumishi wako unaendelea bila kukatika, na mshahara wa msingi mpya. Kama ni kampuni nyingine kisheria, aidha iandike kwamba inatambua miaka 6 ya nyuma, au ile ya kwanza isitishe ajira yenyewe na ikulipe stahiki zako kwanza. Mambo ya "tutamalizana baadaye" usiyakubali, hata kama anayesema ni mtu mwema. Watu wema huhama kazi.

Halafu huo mshahara wa msingi. Maileji si sehemu yake. Likizo yako ya siku 28, malipo ya notisi, kiinua mgongo, saa za ziada kwa moja na nusu, vyote vinapigwa juu ya msingi. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20, ninyi wawili kwa pamoja: kwa 500,000 inaingia 100,000 kila mwezi, kwa 350,000 inaingia 70,000. Miezi 180 ndiyo inakupa sifa ya pensheni, na miezi yako ya Fuso haipotei hata ukibadili mwajiri, ili mradi namba ya uanachama ni ileile. Hakikisha hawakufungulii namba mpya. Kinachopungua ni kiasi kinachoingia. Kwa hiyo kabla hujapigania maileji ipande kwa 100,000, pigania msingi usishuke. Wengi wanafanya kinyume kwa sababu maileji unaishika mkononi.

Kuna ukongwe wa aina nyingine ambao hauandikwi popote. Mjini, mkongwe anapata ruti ya wateja wanaolipa bila kelele na maduka yenye pa kuegesha. Kwenye safari ndefu, mkongwe anapata kichwa kipya na njia nzuri. Kichwa kipya si sifa tu: kile kibovu kinakulaza njiani, tuseme Igawa, siku tatu ukisubiri spea, na siku hizo maileji haiziongezi. Mgeni hupewa gari ambalo wenzake wamelikimbia. Na kwa waajiri wa safari za nje, miaka yako ya mjini inahesabika nusu au haihesabiki kabisa. Wanataka leseni daraja E, cheti cha chuo cha udereva, na mihuri ya mipakani. Ndiyo maana kuhamia ndani ya kampuni unayofahamika, hata kwa kuanza na semi za bandarini kwenda yadi za kontena, halafu Mbeya, halafu Lusaka, ni njia fupi kuliko kuzunguka na wasifu kwenye mageti ya watu.

Makato. Mjini unakatwa shoti (upungufu) ya kreti na chupa zilizovunjika. Safari ndefu unakatwa mafuta, matairi na upungufu wa mzigo, na namba zake ni kubwa. Sheria hiyohiyo inamruhusu mwajiri kukata kwa hasara kama ilitokea kazini kwa kosa lako, ukapewa sababu kwa maandishi na nafasi ya kujibu, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Makato ya "mpaka deni liishe" yanayomaliza nusu ya maileji hayana mguu wa kusimamia. Ukifikia kugombana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inakupa siku 30 za kufungua malalamiko kwa kuachishwa kazi na 60 kwa madai mengine. Madereva wanapoteza kesi nzuri kwa sababu tu walikuwa Kolwezi siku ya 31.

Mafuta: semi yenye mzigo inakula lita moja kwa kilomita 2 hadi 2.5. Tajiri akipanga kilomita 3 kwa lita kwa njia yenye milima ya Kitonga na Iwambi, amekupangia deni. Muombe apange kwa uzito, si kwa kilomita tu, na injini inayounguruma foleni ya Kasumbalesa usiku kucha ihesabiwe.

Na kama utapewa tenka, ambayo maileji yake mara nyingi ni kubwa zaidi, jifunze jambo hili moja kabla ya mengine. Petroli hutanuka kwa joto. Lita 38,000 ukizipakia Dar kwenye nyuzi 30 na kuzishusha Makambako alfajiri zikiwa nyuzi 20, zitaonekana zimepungua kama lita 450, na hakuna aliyeiba hata kopo. Dizeli hupungua kidogo zaidi ya 300. Ukikubali mafuta yapimwe kwa kijiti cha kuchovya bila kipimajoto, utalipa lita zilizosinyaa. Hati ya kupakia iwe na joto la mzigo na ujazo uliorekebishwa kwa nyuzi 20, na wa kushusha apime joto kila chumba cha tenki na kurekebisha vilevile, ndipo mlinganishe. Uliza pia kiwango cha upungufu kinachovumiliwa ni asilimia ngapi, na kama ni kwa safari au kwa chumba. Kwa chumba inakuumiza, maana ziada ya chumba cha pili haifidii pengo la cha tatu.

Mizani nayo: kichwa cha difu mbili (ekseli mbili za nyuma zinazosukuma) na tela la ekseli tatu mwisho ni tani 50 pamoja na mzigo, yaani 8 mbele, 18 kati, 24 nyuma. Unaweza kuwa na tani 49 jumla na bado ukakamatwa kwenye mizani ya Vigwaza kwa sababu kontena limepakiwa zito kwa mbele na zile difu zimebeba 20. Kontena lina lakiri, huwezi kupanga upya. Pima kwenye mizani binafsi kabla hujatoka Dar na ukatae kuondoka kwa ujumbe wa maandishi, si kwa simu. Ukiondoka kimya, faini itatafuta mfuko wako.

Siku ya kukabidhiwa gari usikubali kusaini "gari limekabidhiwa likiwa zima". Matairi ni 22 bila ya spea: andika namba ya kila tairi na mahali ilipo, pamoja na kina cha kashata zake, yaani meno ya tairi. Betri mbili, namba zake. Turubai, minyororo, mikanda ya kufungia, jeki, spea za matairi, kiwango cha mafuta kwenye tangi zote mbili, na kilomita za dashibodi. Nakala moja kwao na moja kwako, zote ziwe na saini ya msimamizi wa karakana. Inachukua saa mbili na watakucheka. Tairi ya ndani, ekseli ya kati ya tela, ndiyo inayobadilishwa usiku bila mtu kuona, na ndiyo ambayo mgeni hulipishwa safari ya kwanza.