Kutoka Boston kwenda Lisbon

Swali: Ndugu Mhariri, baada ya miaka sita Boston, kazi inanihamishia Lisbon. Je, nitakutana na desturi zipi ngeni?

Jibu: Ndugu msomaji, tofauti utaanza kuiona mkahawani. Mhudumu atakuwekea mkate, zeituni na siagi bila wewe kuagiza, nawe, uliyezoea mkate wa bure wa Marekani, utaula ukidhani ni takrima, kumbe ulichokila kitaingia kwenye hesabu. Usipokitaka, mwombe kwa upole akiondoe. Hesabu yenyewe kwa kawaida haiji mpaka uiombe, kwa kuwa kumletea mgeni kabla ya hapo huonekana kama kumfukuza. Bahashishi, ambayo Marekani hufika asilimia 15 hadi 20, Ureno ni hiari, na sarafu chache zinatosha.

Katika maamkizi, mwanamke husalimiwa kwa mabusu mawili mepesi ya mashavuni, hata na mtu aliyetambulishwa kwake dakika hiyo hiyo. Wanaume hupeana mikono. Linalowakwaza Wamarekani zaidi, kwa maoni yangu, ni majina: usimwite mkubwa wako wa kazi kwa jina lake tupu kabla hajakuruhusu, maana huko mwenye shahada ya chuo kikuu huitwa “doutor”, yaani daktari, hata kama hajawahi kushika sindano.