Kitufe kimoja, folda mbili: Directory Opus

Ndugu, umeuliza kwa nini kitufe ulichotengeneza kwenye Directory Opus, programu ya Windows ya kupanga faili, kinakuonyesha folda moja badala ya mbili. Mistari yako miwili ya Go (amri ya kufungua folda) inafanya kazi yote miwili, ila yote inalenga upande uleule unaotumika. Wa pili unamfukuza wa kwanza, ndiyo maana unaona Picha tu na Hati huzioni. Utaje upande kwenye kila mstari:

Set DUAL=On
Go "D:\Hati za Ofisi" OPENINLEFT
Go "E:\Picha" OPENINRIGHT

Mstari wa kwanza unagawa dirisha pande mbili. Alama za kunukuu usiziache, jina la folda lina nafasi ndani yake. Na hakikisha aina ya kitufe ni Standard Function. Ukichagua MS-DOS Batch Function ukaandika cd (amri ya kuhamia folda nyingine), folda inabadilika ndani ya kile kidirisha cheusi cha amri peke yake. Kikifungwa, Opus iko palepale ilipokuwa. Hapa ndipo wengi wanapotezea muda, wakidhani njia ya folda imekosewa.

Kama hutaki pande mbili, rudi kwenye mistari yako miwili ya Go, weka NEWTAB mwisho wa ule wa Picha, zitafunguka kwenye kichupo kipya. Mimi kwa kunakili faili napendelea pande mbili, unaona zinakotoka na zinakokwenda.