Kabla Hujanunua Taiti, Chuchumaa

Juma lililopita mdogo wangu mmoja wa Morogoro, mama wa watoto wawili, kaniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nimeona picha zako za mbio za kilomita 21 za Moshi, hongera sana. Na mimi nimeamua. Nimetenga laki moja na nusu ya nguo za mazoezi, naomba uniambie ninunue zipi ili nipendeze kama wewe."

Marahaba, mdogo wangu. Ila hilo neno la mwisho limenikalisha kitako. Nipendeze kama wewe! Ungeniona Agosti 2021 ungefunika macho.

Nilimjibu mistari miwili: anza na sidiria, taiti itafuata. Hakuridhika, akataka nifafanue. Basi leo nafafanua, na mtanivumilia, maana habari hii nimeikalia miaka mingi.

Mwaka ule nilikuwa na kilo 94. Presha ilikuwa inapanda, daktari akaniambia nianze kutembea asubuhi. Alisema kutembea. Mimi nilichosikia ni nguo. Usiku uleule niko kitandani na simu, napitia wauzaji wa mtandaoni, nikaiona seti: taiti na kitopu, waridi ya kupauka, imevaliwa na binti mwenye kiuno cha nyigu. Elfu sabini na tano, na bodaboda wa kuileta juu yangu. Nikalipa wakati hata raba sina. Ilipofika nikaivaa mbele ya kioo, nikasimama wima, nikavuta tumbo ndani, nikageuka kushoto, nikageuka kulia, nikajipenda. Nilisimama wima, lishikeni hilo.

Jumamosi nikajiunga na klabu ya jogging ya mtaani kwetu Mtoni. Waliokulia Temeke wanayajua haya. Saa kumi na moja na nusu alfajiri watu wamejaa, mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia, mchakamchaka wa shule ya msingi mtupu, ila wakimbiaji wana vitambi. Tukatoka Kwa Azizi Ali kuelekea uwanja wa Mkapa. Mimi niko mkiani na akina mama watu wazima, natembea, naitikia, nafsi imetulia. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tangu nianze kazi ya ofisini.

Tulipofika karibu na uwanja kumeshapambazuka. Mwalimu akatupanga mistari: tuchuchumae mara kumi. Mimi nimelowa chapachapa, na kwa kiherehere changu nikajipanga mbele. Ile taiti ilipovutika ikawa chandarua. Siku ile nilikuwa nimevaa chupi ya maua mekundu, makubwa, ya kuhesabika.

Mwenyewe sikujua. Nilisikia vicheko nyuma nikadhani ni utani wao wa kila siku. Bibi mmoja tuliyekuwa naye mkiani akanijia, akafungua kanga aliyokuwa amejifunga kiunoni, akanifunga mimi, akasema, "Twende mwanangu." Basi, hakuongeza neno. Nikadhani ananionea huruma kwa jasho. Nimefika nyumbani, nimeandaa chai, nafungua kundi la WhatsApp la klabu, nakuta video ya sekunde kumi na moja. Aliyeipandisha ni mwanamke mwenzangu. Chini yake mtu ameandika "Mama Maua", na jina likashika mpaka dukani kwa Mpemba.

Nilipomuuliza, alisema walikuwa wanatania, mbona nina hasira za karibu. Sikurudi kwenye klabu miezi saba. Sijamsamehe, na najua anasoma hapa. Habari za asubuhi, dada.

Sasa twende kwenye kitambaa. Siku ile nilichukua taiti nikasoma lebo ya ndani kwa mara ya kwanza maishani mwangu: poliesta asilimia 92, spandeksi, yaani nyuzi za kuvutika, asilimia 8. Asilimia peke yake si dhambi. Dhambi ni wepesi wake. Kitambaa cha kuvutika kina matundu madogo kati ya nyuzi, na ukikivuta yale matundu yanatanuka. Kikiwa chepesi, cha rangi ya kupauka, tena kimelowa, ndani kunaonekana. Kwa hiyo ukiwa dukani, ingiza ngumi ndani ya taiti, vuta, mulika kwa tochi ya simu. Ukiona rangi ya kucha zako, rudisha. Ikipita hapo, ivae, uchuchumae mpaka chini, mtu unayemwamini akiwa nyuma yako. Kioo hakikuoni ukiwa umeinama, ila watu wanakuona.

Kwa aibu ile nikakimbilia upande wa pili. Nikavaa fulana kubwa ya kampeni za uchaguzi, pamba tupu, na suruali ya traksuti ya pamba, ninafanana na gunia la mkaa. Nilitembea peke yangu usiku usiku ili nisionwe. Nikagundua kwamba pamba inakunywa jasho na haitaki kulitoa. Baada ya nusu saa fulana inaninginia kama kitambaa cha kudekia, suruali imeshikana katikati ya mapaja, mapaja yanasuguana, na ukifika bafuni maji yakigusa ile michubuko unamtaja marehemu bibi yako. Chini ya matiti nikapata fangasi. Nilikuwa nikirudi nakaa na nguo ileile mbichi napika, naosha vyombo, naangalia tamthilia. Dada wa duka la dawa ndiye aliyeniambia kwa upole kwamba krimu haitanisaidia kama sivui.

Kaka zangu msijione mmepona. Mkikimbia mbali na zile fulana za uchaguzi, chuchu zinachubuka mpaka zinatoa damu, nimeyaona kwa macho yangu. Kabandikeni plasta au mpake mafuta ya mgando. Nimemaliza na nyie.

Wauzaji watakwambia poliesta ya draifiti inakuacha mkavu. Kwa Dar es Salaam wanakudanganya nusu. Ni kweli poliesta haifyonzi maji kama pamba, jasho linatambaa juu ya nyuzi likitafuta hewa likaukie. Lakini Dar mwezi wa pili, alfajiri, hewa yenyewe imeshalowa, hilo jasho liende wapi? Utalowa tu. Tofauti ni kwamba draifiti ikilowa haina uzito, haikushikilii, na ukiisuuza inakauka kabla hujaamka kesho yake. Moshi ndiko nilikoielewa vizuri. Asubuhi ile kulikuwa na kibaridi, tunapanda barabara ya Mweka, jasho linatoka na kukauka, nafika juu mgongo una chumvi lakini fulana kavu. Nilitaka kulia. Labda nililia kidogo.

Taiti ya kwenye picha za Moshi, ile inayosifiwa, nilinunua soko la Karume kwa shilingi elfu nane. Ya mtumba. Ndiyo. Mwishoni mwa 2021 nilimpata kijana aliyekuwa anauza mitumba ya michezo tu, akifungua belo ananipigia. Ndiye aliyenifundisha kusoma lebo kuliko mtu yeyote. Ile taiti ni nailoni 75, spandeksi 25, nyeusi, inapanda mpaka juu ya kitovu, mishono yake imelala haikwaruzi, na ina mfuko wa pembeni unaokaa simu. Imenifaa tangu kilo 90 mpaka leo. Soko liliposhika moto Januari 2022 mzigo wake wote uliteketea. Alianza upya na turubai chini, na nguo kumi. Wateja wake tulirudi.

Nasema haya kwa sababu kuna watu wakisikia mtumba wanakunja pua, halafu wanalipa mara kumi kwa kitambaa cha chandarua kwa kuwa kimekuja na mfuko mzuri. Tuambizane ukweli, wanawake wenzangu. Wengi wetu tunanunua picha ya yule binti. Mimi nilinunua kiuno chake kwa elfu sabini na tano na hakikuja.

Kitu ambacho hutanunua mtumba ni sidiria. Nguo za ndani za mitumba Shirika la Viwango, TBS, walishazipiga marufuku zamani, ingawa sokoni bado utaitiwa. Achana na sheria, fikiria mpira: sidiria inafanya kazi kwa mpira, na mpira uliotumiwa na mwingine umeshachoka. Hapa ndipo pa kuweka hela. Yangu niliinunua mpya elfu sitini na tano, ghali kuliko vingine vyote nilivyovaa Moshi ukijumlisha. Hakuna aliyeiona. Haiko hata kwenye picha.

Mzigo wa matiti unabebwa na mkanda wa chini, siyo kamba za mabegani. Kama kamba zinakukata mabega, mkanda umelegea. Uvae, upitishe vidole viwili chini ya mkanda: vikiingia kwa shida kidogo ni sawa, mkono mzima ukiingia rudisha. Inua mikono juu, mkanda ukipanda mgongoni rudisha. Kisha ruka. Ruka hapohapo dukani, waache wakushangae. Wenye matiti makubwa kama mimi tafuteni yenye vikombe viwili vinavyotenganisha. Ile ya kukandamiza kifua kizima kama bandeji inawafaa wenye matiti madogo zaidi.

Na mjue hiki kitu ni kipya duniani. Sidiria ya kwanza ya kukimbilia ilitengenezwa Marekani mwaka 1977, jimbo la Vermont, na wanawake watatu, Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller, na waliianza kwa kushona pamoja vichupi viwili vile ambavyo wanamichezo wa kiume huvaa ndani kushikilia vya kwao. Kumbe wanaume walishajihifadhi siku nyingi. Bibi zetu walijifunga kanga kifuani wakalima, hakuna aliyewaletea chochote.

Kwa mavazi ya kushinda nayo nitasema machache. Taiti peke yake siendi nayo sokoni Tandika, na msibani sitaki hata kusikia. Nikitoka mazoezini napitia dukani nimejifunga kanga, na siku za kawaida ile taiti ya kufika magotini naivaa ndani ya dera, mapaja hayasuguani na upepo wa daladala haunipi mashaka. Nguo moja, kazi mbili. Lakini uliyotolea jasho usishinde nayo. Ivue. Narudia kwa ajili ya wale wanaokwenda nayo mpaka jioni kwa kuwa inawapendeza: ivue.

Kufua: maji ya baridi, sabuni kidogo, mkono. Dawa za kulainisha na kunukiza zinaacha utando kwenye nyuzi na jasho linakosa njia. Jiki inaua spandeksi, na pasi pia. Anika kivulini. Taiti ya dada yangu ilishinda juani mwezi mmoja, sasa magoti yake yamefura kama ya ngamia.

Yule bibi wa kanga nilimtafuta Jumapili yake. Nimeifua, nimeipiga pasi, naye akakataa kuipokea. "Kaa nayo, utaihitaji." Maandishi yake yalikuwa yamefutika tangu zamani, sijui ilisemaje. Nilikwenda nayo Moshi, nimeikunja kwenye begi, na nilipovuka mstari wa kilomita 21, nikiwa karibu na mkiani kama kawaida yangu, nilijifunga kabla hata ya medali. Picha zote za mwisho niko na kanga. Kwenye kundi la klabu mtu ameandika "Hongera Mama Maua." Sijajibu.

Sasa mdogo wangu, laki na nusu yako. Sidiria mpya, elfu sitini mpaka sabini. Taiti mbili nyeusi za mtumba, elfu ishirini zikizidi. Fulana mbili nyepesi za draifiti, rangi inayowaka, kwa sababu utakimbia gizani na bodaboda hawakuoni. Soksi jozi mbili, zisiwe pamba. Kitakachobaki kiweke kwenye raba, nazo nitaziandikia siku yake.

Ukienda mnadani nenda asubuhi na uvae dera pana. Pale hakuna chumba cha kujaribia, ila ukiwa ndani ya dera unaipandisha taiti hapohapo mbele ya meza, hakuna anayeona kitu, unachuchumaa, unasimama. Na kabla hujatoa hela nitumie picha ya lebo.